Naomba ushauri: barua ya mteja wa nje niandike "dispute", "conflict" au "disagreement"?

BintiKusini:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana barua inatakiwa itoke Jumatatu asubuhi. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayosafirisha korosho ghafi na barua zote za Kiingereza naandika mimi. Mzigo wetu umefika Vietnam, sasa tulipopakia Mtwara mkaguzi alitoa KOR (kipimo cha ubora wa korosho) 50, kule bandarini kwao mkaguzi wa mnunuzi kaja na 47 na anasema unyevu nao umezidi, kwa hiyo mnunuzi anataka akate hela kwenye malipo yaliyobaki. Bosi kagoma kabisa. Kaniambia waandikie tuna mgogoro nao wajue hatutanii.

Nikifungua kamusi kwenye mgogoro naletewa dispute, conflict, mpaka crisis. Halafu kuna disagreement, argument, quarrel, row, contention, yote nayaona kama yanazunguka palepale. Mteja mwenyewe tunamtaka msimu ujao, sitaki nimtukane na sitaki pia aone sisi ni watu wa kuburuzwa. Wanaoandika barua hizi kila siku, neno gani linakaa hapo?

TichaMstaafu:
Mwanangu, hayo maneno usiyaweke kapu moja, kila moja lina pake. Quarrel ni ugomvi wa watu wanaojuana, mtu na jirani yake, ndugu kwa ndugu, hasira zimeshapanda. Kampuni haiandikii kampuni nyingine kwamba tuna quarrel. Row nayo ni ugomvi wa kelele, Waingereza wanaipenda sana na magazeti yao wanaitumia kwenye vichwa vya habari kwa sababu ni fupi, ikiwa na maana hiyo inatamkwa "rau", ile ya mstari ndo "rou". Conflict ni kubwa mno, inabeba mpaka vita, au inakuwa mgongano wa vitu viwili visivyokaa pamoja kama mgongano wa maslahi.

Argument ndo inayowachanganya wanafunzi wengi. Ukimsikia mtu anasema "they had an argument" hao wamebishana au wamegombana. Lakini mwalimu akikuandikia kwenye insha kwamba argument yako haina nguvu anaongelea hoja yako, hakuna mtu aliyegombana hapo. Mahakamani ni hivyohivyo, argument ya wakili ni hoja zake. Na vijana wa kompyuta wanaita argument ile thamani unayoipa programu iifanyie kazi. Neno limetoka Kilatini na asili yake ni kuweka jambo wazi au kuthibitisha, kwa hiyo hoja ni maana yake ya zamani tu.

Kwa barua yako mimi ningeweka disagreement. Linasema hamuoni sawa, basi, na hakuna aliyekosewa heshima.

WakiliMdogo_TZ:
Ticha nakuheshimu sana ila kwenye disagreement hapo nitakupinga kidogo, na dispute nayo asiiandike kabla hajafungua mkataba.

Dada, dispute kwenye mikataba ya biashara siyo neno la kujieleza tu, lina kazi. Angalia kipengele cha mwisho mwisho, mikataba mingi ina maneno kama yale ya ICC ya Paris (chama cha kimataifa cha wafanyabiashara), "All disputes arising out of or in connection with the present contract", kisha inaeleza yataamuliwa wapi na nani. Mingine imewekewa ngazi, kwanza upande mmoja utoe taarifa ya dispute kwa maandishi, halafu siku kadhaa za mazungumzo, ikishindikana usuluhishi, ndipo mnaenda kwenye uamuzi London au Singapore huko. Sasa kama wenu uko hivyo ukiandika "we are in dispute" yule wa pili anaweza kusema siku zimeshaanza kuhesabiwa, na nyie hata hamjajipanga.

Kwetu hapa pia ni hivyo, ukiachishwa kazi bila haki una siku 30 tu kupeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), ule unahesabika mgogoro wa kikazi, manung'uniko ya ofisini tu hayaingii humo. Na tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu, haliamui tena kama zamani. Kwa hiyo wakati gani jambo linaitwa mgogoro na linapelekwa wapi ni kitu cha kuangalia mapema.

Kitu kingine usije ukaandika "trade dispute" ukidhani inamaanisha ugomvi wa biashara. Kwenye sheria ya Uingereza ya 1992 hiyo ni ya wafanyakazi na mwajiri, mambo ya migomo. Na ukiwasikia watu wa WTO (Shirika la Biashara Duniani) wanaitumia kwa nchi na nchi. Kampuni kwa kampuni inaitwa commercial dispute.

MzeeWaBandari:
Nyie mnajadili neno, mimi naona shida iko kwenye mkataba wenyewe. BintiKusini nakuuliza, mkataba unasema ubora wa mwisho ni ule wa kupakia au wa kushusha? Hili ndo jambo lenyewe. Kama umeandikwa wa kupakia ndo wa mwisho basi 47 yake haina meno, unamjibu kwa adabu na kipengele unakitaja. Kama ni wa kushusha mara nyingi kunakuwa na jedwali la kupunguza bei kwa kila paundi inayopungua na kuna kiwango ambacho ukishuka chini yake anaweza kukataa mzigo.

Kwa wasioijua KOR ni paundi za korosho zinazopatikana baada ya kubangua gunia la kilo 80 za korosho ghafi. Paundi 3 siyo kidogo, ila namba hubadilika kutokana na sampuli zilivyochukuliwa, magunia mangapi yametobolewa kutoa sampuli, ya juu tu au mpaka ya chini kabisa ya kontena. Na unyevu wa safarini unaharibu korosho kweli, hilo usimbishie bila kuona ripoti yote.

Nyambura_Nrb:
Hapo kwa neno, mimi nimefanya kazi na wanunuzi wa kahawa hapa Nairobi na sisi huandika "discrepancy". Ni tofauti kati ya karatasi mbili, ripoti ya kwanza na ya pili hazilingani, hujamlaumu mtu bado. Hata benki zikikagua hati za letter of credit (ahadi ya benki kumlipa muuzaji hati zikiwa sawa) zikipata kasoro huita hivyo. Ukisema disagreement tayari kuna watu wawili wanavutana, discrepancy ni namba ndizo hazikubaliani.

KakaMtwara:
Mimi nipo na bosi kidogo. Mkikaa na maneno laini laini mnunuzi anakata hela yake na baadaye anasema mlinyamaza mkakubali. Lazima aone kwamba mmekataa.

WakiliMdogo_TZ:
Kaka uko sahihi na hilo halihitaji dispute kama jina. Aandike "we do not accept the deduction" na mwisho aongeze "all our rights are reserved", yaani haki zetu zote tunabaki nazo. Hapo amekataa waziwazi na hakuna mlango uliofungwa. Dispute kama kitendo nayo ipo, "we dispute the findings", maana yake tunapinga matokeo, ila nalo ni zito, liache kwa barua ya pili kama hii haikujibiwa vizuri.

BintiKusini:
Asanteni sana jamani, nimeufungua mkataba. Unasema ubora ni wa kushusha ila mkaguzi lazima awe wa kukubaliwa na pande zote mbili, na yule wa kule sisi hatukuulizwa. Pia kuna siku 14 za mazungumzo tangu "notice of dispute", kama alivyosema wakili. Nimeandika hivi: kuna discrepancy kati ya ripoti mbili za ubora, mkaguzi wa kushusha hakukubaliwa na sisi kama mkataba unavyotaka, makato hatuyakubali, tunaomba ripoti kamili. Bosi nimemsomea, kauliza neno mgogoro liko wapi, nikamuonyesha hizo siku 14 kakubali lisiwepo.

MzeeWaBandari:
Safi. Ongeza na sampuli. Mkaguzi wa Mtwara kawaida anabaki na sampuli zilizofungwa kwa lakiri, mwombe leo leo asizitupe, halafu kwenye barua pendekeza zipimwe na maabara ya tatu mnayoikubali wote na gharama alipe atakayeonekana namba zake haziko sawa. Na namba ya lakiri uiandike kwenye barua ileile.