Taa nyekundu: mwenye baiskeli asimame au apite?

Gia Nne: Wakuu, leo alfajiri nimesimama na baiskeli kwenye taa nyekundu, barabara tupu, hata paka hapiti. Taa imeganda. Nimengoja mpaka nikajionea aibu, nikapita. Jamaa nyuma yangu kwenye gari akanipigia honi kama nimeiba kuku. Naomba maoni. Nasikia huko Idaho, Marekani, baiskeli inapita tu.

Mzee wa Usukani: Nyekundu ni nyekundu. Kama kusimama na kuondoka upya kunakuchosha, panda basi.

Gia Nne: Kuchoka nimekutaja wapi, mzee?

Bi Kengele: Hapo mzee umenichokoza mimi. Wewe kuondoka upya ni kukandamiza kidole cha mguu. Sisi ni mapaja! Mwendo nimeutafuta kwa jasho, breki moja unayeyuka, naanza sifuri. Sasa mvivu nani hapo?

Mzee wa Usukani: Umeniita mvivu? Mimi ni rika la baba yako.

Bi Kengele: Shikamoo. Mvivu nani?

Kona Kali: 😂😂 Marahaba haijaja.

Mtembea Pekupeku: Samahani, mimi sina gari wala baiskeli. Juzi navuka kwenye zebra, taa yangu kijani, baiskeli ikaja kimyakimya, usukani ukanipiga kiwiko, miwani ikaruka. Yule kijana hata nyuma hakugeuka.

Kona Kali: Turudi Idaho. Sheria ni ya 1982, ila si "inapita tu". Kwenye kibao cha kusimama unapunguza mwendo, pakiwa salama unaendelea. Kwenye taa nyekundu unasimama kabisa kwanza, unampisha mwenye haki, ndipo unapita. Paris nako kuna vibao vidogo vya pembetatu kwenye taa, picha ya baiskeli na mshale. Unafuata mshale tu, na mtembea kwa miguu unampisha. Msichukue nusu ya sheria mnayoipenda.

Mzee wa Usukani: Asante. Umesikia, binti? UNASIMAMA KABISA.

Bi Kengele: Na "ndipo unapita" hukuisoma? Au macho nayo yamechoka?

Fundi Spoku: Gia Nne, taa yako haikuganda, haikukuona. Taa nyingi zinasubiri gari lifike, na baiskeli haitoshi kuzishtua.

Gia Nne: Kwa sababu ya uzito? Mimi nina kilo 96, mkuu.

Fundi Spoku: Uzito hauhusiki. Chini ya lami kuna nyaya zimezungushwa, zinahisi chuma. Tafuta mstari uliochanwa kwenye lami ukazibwa kwa lami nyeusi zaidi, weka magurudumu yote mawili juu yake. Ukikaa katikati ya mistari utazeekea hapo. Ikigoma, laza baiskeli chini.

Bi Kengele: Nilale barabarani ili taa inione?

Fundi Spoku: Baiskeli ilale, dada, si wewe.

Mzee wa Usukani: Mimi lori nimeendesha miaka mingi, niwaambie jambo. Mwenye baiskeli akinisimamia ubavuni kwenye taa, simwoni. Kioo hakimchukui. Nikikata kona upande wake, nyuma ya lori ndiyo inamfuata. Bora mtu huyo awe mbele yangu nimwone mgongo.

Gia Nne: Kwa hiyo atangulie wakati bado nyekundu?

Mzee wa Usukani: Sijasema hivyo.

Bi Kengele: Umesema, mzee! Nimeinakili.

Mzee wa Usukani: Nimesema ASIMAME mbele. Kusimama! Nyie watoto mnasoma kwa pedeli.

Kona Kali: Sasa "kusoma kwa pedeli" naichukua, kesho naitumia kazini.

Mtembea Pekupeku: Mimi na kiwiko changu hakuna aliyetujibu.

Fundi Spoku: Pole sana. Hiyo baiskeli ilikuwa na usukani wa kunyooka au wa pembe za kondoo?