Bingwa wa Poland 2016/17 ana pointi 44 kwa mechi 37, hii hesabu imekaaje?

mwanga_kwetu (Kigoma)
Wakuu habari za usiku. Hapa kijiweni Mwanga leo tumebishana mpaka muuza kahawa kafunga katuacha. Kuna jamaa anapenda kuokoteza ligi za mbali kwa ajili ya mikeka yake, sasa akawa anapekua misimu ya nyuma ya Ekstraklasa, ligi kuu ya Poland, akafika 2016/17. Legia Warszawa bingwa, kacheza 37, kashinda 21, sare 10, pointi 44!! Wa pili, wa tatu na wa nne wote wana 42. Sasa 21 mara tatu ni 63, weka na sare 10, si 73 hiyo? Pointi 29 zimeenda wapi? Mmoja anasema walinyang'anywa kwa fujo za mashabiki, mwingine anasema app ndo mbovu. Anayejua aje.

Kibirizi Mzee wa Dagaa
App iko sawa mkuu na hakuna aliyenyang'anywa. Kipindi kile Poland walikuwa na timu 16, wanacheza mechi 30 nyumbani na ugenini kama ligi yetu tu, halafu zile 8 za juu zinatengwa kundi lao na 8 za chini kundi lao, wanapiga mechi 7 nyingine. Sasa kabla ya hizo 7 ndo panapokuja maajabu, kila timu pointi zake zinagawanywa kwa mbili, ikibaki nusu unaongezewa iwe nzima. Jagiellonia Białystok walimaliza zile 30 wakiwa kileleni na 59, wakaanza na 30. Legia walikuwa na 58, wakaanza na 29. Zile 7 Legia hawakupoteza hata moja, wakaokota 15, ndo hiyo 44. Jagiellonia wakaokota 12 wakaishia 42.
Huyo wa fujo za mashabiki hajatoa hewani sana, msimu huohuo UEFA waliwafungia Legia uwanja wakacheza na Real Madrid bila watu, wakatoka 3-3. Ila hiyo ni Ligi ya Mabingwa, haihusiani na pointi za kwao.

Mnyamwezi_Cheyo
Huu ni wizi wa mchana kweupe. Yani nimevuja jasho mechi 30 nimemwacha mtu pointi 10, tunaamka asubuhi naambiwa nimemwacha 5? Wafanye hivyo hapa bongo uone, hao wa Kariakoo wangeandika barua mpaka FIFA. Na Legia si ndo wale waliopigwa 8-4 kule Dortmund?

Kibirizi Mzee wa Dagaa
Ndo haohao 😂 na bado wakamaliza wa tatu kwenye kundi.

fundi_redio_Ujiji
Mnyamwezi unalia tu ila hukuona siku ya mwisho ilivyokuwa. Tarehe 4 Juni 2017 timu nne zinaingia uwanjani zote zina nafasi ya ubingwa, na zinakutana zenyewe kwa zenyewe! Legia na Lechia Gdańsk pale Warsaw, Jagiellonia na Lech Poznań kule Białystok. Legia wakatoka 0-0. Huku kwingine Lech wakatangulia 2-0, Jagiellonia wakarudisha zote mbili, na hapo walikuwa wanahitaji goli moja tu, kwa sababu wakishinda wanalingana na Legia kwa pointi 44, na mkilingana anaangaliwa aliyekuwa juu kwenye zile mechi 30, yani wao. Mechi ya Warsaw imeisha, wachezaji wa Legia wamesimama uwanjani hawajui washangilie au walie, wanasubiri Białystok waimalize. Ikaisha 2-2. Sasa bila kugawanya pointi Lechia siku hiyo wasingekuwa na nafasi ya ubingwa kabisa.

Mnyamwezi_Cheyo
Utamu upo sikatai, ila haki hamna. Na wao wenyewe waliliona maana naona baadae waliacha.

Kibirizi Mzee wa Dagaa
Kugawanya kulianza 2013/14 na huo wa 2016/17 ndo ulikuwa wa mwisho. Mechi 37 na makundi yakaendelea mpaka 2019/20, siku hizi timu ni 18 na mechi 34, hamna mbwembwe.

mwanga_kwetu (Kigoma)
Asanteni wakuu, nakopi yote nawatupia kwenye group. Kwahiyo hao Jagiellonia ndo basi tena?

fundi_redio_Ujiji
Walikuja kubeba 2023/24, mara yao ya kwanza kabisa. Walilingana pointi na Śląsk Wrocław, 63 kwa 63, wakabebwa na matokeo ya wao kwa wao. Śląsk huyohuyo msimu uliofuata akashuka daraja.

mwanga_kwetu (Kigoma)
Kutoka wa pili mpaka kushuka?? Ngoja nimwambie yule jamaa wa mikeka aachane na hiyo ligi.