Kipimo cha damu kinasema shaba ni kidogo, daktari anasema imejaa mwilini. Nani nimwamini?

DadaMkubwa: Habari za jioni wapendwa. Mdogo wangu wa kiume, miaka 17, mkono unamtetemeka tangu mwaka jana. Mwandiko umeharibika kabisa. Juzi daktari wa macho alimmulika akaona duara la rangi ya kahawia pembezoni mwa weusi wa jicho. Tukaambiwa ni ugonjwa wa Wilson, shaba imerundikana kwenye ini na ubongo. Lakini majibu ya damu yanaonyesha shaba iko CHINI, na kitu kinaitwa seruloplasmini nacho kiko chini. Mama anasema mashine imekosea, hataki mtoto aanze dawa. Huku analilaumu birika la shaba la marehemu bibi. Naomba anayejua anieleweshe.

MtuWaMaabara: Pole sana dada. Mashine haijakosea.

Shaba ikizurura peke yake huharibu seli, kwa hiyo mwili huipokezana kutoka protini moja hadi nyingine. Ikitoka utumboni, albumini huishika kwenye damu mpaka kwenye ini. Huko huingia kwa mlango uitwao CTR1, kisha ATOX1, protini ndogo sana, huibeba na kuikabidhi kwa pampu iitwayo ATP7B. Pampu hii ndiyo kiini cha swali lako. Huipakia shaba kwenye seruloplasmini, protini inayoibeba kwenye damu, atomi 6 kwa kila moja, iende kwenye damu. Ile ya ziada huisukumia kwenye nyongo itoke na choo.

Kwa mdogo wako pampu hiyo ni mbovu. Seruloplasmini inatoka kwenye ini mikono mitupu na kuvunjika haraka. Kwa kuwa sehemu kubwa ya shaba ya kwenye damu husafiri nayo, kipimo lazima kishuke. Shaba yenyewe imekwama kwenye ini, na ikifurika huvujia kwenye ubongo, macho na mkojo. Ulizia kipimo cha shaba kwenye mkojo wa saa 24: ikizidi mikrogramu 100, mwonyeshe mama karatasi hiyo.

Birika silo chanzo, ingawa mgonjwa asilitumie. Jeni mbovu ameirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao ni wazima. Kila ndugu yake wa baba na mama hao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa na ugonjwa huu. Nawe upimwe.

Mgonjwa_Mwenzenu: Dada, mimi ninao. Dk. Wilson alipoueleza mwaka 1912 ulikuwa unaua tu. Dawa ya penisilamini ilikuja mwaka 1956, na ndiyo niliyoanza nayo, tumbo likiwa tupu, pamoja na vitamini B6. Wiki za kwanza mtetemeko uliongezeka, nikataka kuacha. Hali hiyo ikimpata, mrudisheni kwa daktari, msiache kimyakimya! Sasa natumia zinki. Hufanya seli za utumbo zitengeneze metalothionini, nayo huinasa shaba ya chakula, na seli zikibanduka hutoka nayo chooni. Maini, korosho na chaza nimeviaga.

DadaMkubwa: Nimemsomea mama yote, mara mbili. Mkojo umetoka mikrogramu 340. Amenyamaza muda mrefu, kisha akauliza: na huyu wa mwisho, wa miaka 6, naye anaweza kupimwa?

MtuWaMaabara: Anaweza. Mpelekeni wiki hii hii, kabla mkono wake haujaanza kutetemeka.