"Ni utani tu" si jibu: mnajua Knuckles wa Uganda alitoka wapi?

Wakuu, nimechoka, na safari hii nitasema wazi. Kila anayetuma humu jukwaani stika ya Knuckles wa Uganda, kile kikaragosi chekundu kinachouliza kama unaijua njia, akikemewa hujibu kwamba hiyo ni kejeli ya mtandaoni, kwamba hakumaanisha lolote, na kwamba anayekasirika amepitwa na wakati. Wiki iliyopita alirushiwa Mganda aliyeuliza swali la maana kuhusu kupitisha mizigo mpakani Mutukula, na uzi wake ukajaa vicheko bila jibu hata moja.

Mnachokicheka kina wenyewe. Mwaka 2010 Nabwana I.G.G. alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyopigwa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe na waigizaji wa kujitolea. Nakala iliyobaki ina sauti ya VJ Emmie, anayeisimulia picha, kuishangilia na kuitania inavyokwenda, ufundi ambao Watanzania waliofuata kanda za Lufufu na Wakenya wanaomsikiliza DJ Afro hawahitaji kufundishwa. Filamu ile inachekesha kwa sababu walioitengeneza walikusudia ichekeshe, na kicheko chake ni mali yao.

Mashabiki wa Forsen, Mswidi anayerusha michezo ya kompyuta mubashara, ndio waliookota lafudhi ya filamu hiyo na kuifanya mchezo wao. Mwaka 2017 Gregzilla, mchora katuni wa YouTube, alimchora Knuckles, mhusika mwekundu wa michezo ya kompyuta ya Sega, akiwa kibonge, mchoro usiohusiana na Uganda hata kidogo, kisha mtu mwingine akaugeuza kuwa umbo la kuvaa ndani ya VRChat, ulimwengu wa mtandaoni ambamo watu hukutana na kuongea wakiwa wamevaa sura za kuchorwa, huku akiomba lisitumiwe kuwasumbua watu. Ombi hilo lilipuuzwa, na mashabiki wale wakalivaa umbo hilo pamoja na lafudhi yao. Kufikia Januari 2018 makundi ya vikaragosi hivyo yalikuwa yakiwazingira wageni, hasa waliovaa sura za kike, yakigonga ndimi, yakijifanya kuwatemea mate wasiokubaliwa kuwa "malkia", na yote hayo kwa lafudhi ya kubeza Waafrika. Jina la Nabwana lilikwishapotea njiani, ikabaki dhihaka.

Kinga ya "hatukumaanisha" si ngeni. Pepe, chura mpole aliyechorwa na Matt Furie mwaka 2005, alivishwa alama za Wanazi na watu waliodai wanatania, hadi Septemba 2016 ADL, shirika la Marekani linalopinga chuki dhidi ya Wayahudi, likamwingiza katika orodha yake ya alama za chuki, na Furie akalazimika kwenda mahakamani kupigania kiumbe chake.

Sisi tumekulia kwenye mafumbo, taarabu na maneno ya kanga, na tunajua kwamba anayerusha fumbo anajua analirusha kwa nani na yuko tayari kujibiwa. Huyu wa stika anataka kuumiza, kisha anataka aliyeumia ndiye aombe radhi kwa kutocheka. Hilo silikubali, na linanikera zaidi likifanywa na Mtanzania au Mkenya, ambaye masikioni mwa wale wa VRChat lafudhi yake na ya Mganda ni kitu kimoja.

Mods, kanuni zenu zinakataza kubagua watu kwa asili yao. Zitumieni katika nyuzi hizi kama mnavyozitumia kwenye matusi ya kikabila, na anayeleta utetezi wa kejeli aeleze hadharani alikuwa anamkejeli nani.