Pini za nywele siku hizi ni waya tu, msitulaumu nywele zetu!

Wakuu, hili la pini limetuchosha. Pini ikiteleza, muuzaji hakosi neno: nywele zako nzito, nywele zako laini mno, hujui kubana. Uongo mtupu! Pini yenyewe ndiyo mbovu.

Pini ya kubana inashika kwa sababu miguu yake ikipanuliwa inataka kurudi. Ndiyo maana hutengenezwa kwa chuma kigumu chenye nguvu ya springi. Tunachouziwa ni waya laini uliopakwa rangi nyeusi. Kabla hujalipa, panua miguu kama sentimita 1, kisha achia. Ikijifunga, chukua. Ikibaki imeachama, irudishe hapo hapo, maana haitashika hata nywele za mtoto.

Kingine ni ncha. Kila ncha inatakiwa iwe na tone la plastiki, nene na la mviringo. Zitazame hizi za bei ya kutupa: tone limelalia upande mmoja, na kwingine rangi ni nyembamba kiasi kwamba chuma kinaonekana. Likibanduka, kinachobaki ni waya uliokatwa, wenye makali, unaokwangua ngozi ya kichwa na kukata nywele kila unapochomoa. (Na nyie mnaopanua pini kwa meno, acheni. Mnabandua tone na kuilegeza pini kwa mkupuo mmoja.) Rangi ikishatoka, ukibana nywele zikiwa na maji ni kutu moja kwa moja.

Halafu urefu. Mtu ana nywele nene za kipilipili, anapewa pini ya sentimita 5! Huyo anahitaji ya 7 au zaidi, la sivyo miguu inapanuka kupita uwezo wake na pini inaruka.

Maelekezo kwenye pakiti hakuna, kwa hiyo nayaweka hapa. Mguu wenye mawimbi unakaa chini, upande wa ngozi. Usilazimishe pini moja ibebe rundo zima. Bana kidogo, kisha pitisha ya pili juu yake zipishane kama herufi X. Pini ya umbo la U ni habari nyingine kabisa, haibani. Chota nayo nywele chache za ukingoni mwa fundo, ncha zikitazama nje, igeuze zitazame katikati, ndipo uisukume ndani. Wengi wanaichomeka tu moja kwa moja, kisha wanashangaa fundo linamwagika.

Mipira ya nywele yenye kipande cha chuma kwenye maungio sitaki hata kuizungumzia. Nywele zinanasa pale pale na kukatika. Kwa nini bado inatengenezwa?

Wenye maduka, fungueni pakiti moja mteja ajaribu pini kwa mkono wake. Anayekataa anajua anachouza.