Tupeane uzoefu: tunaoishi na VVU hapa Dar, kazi mnazipataje na mnazilindaje?

Muuza Vitenge
Habari zenu ndugu zangu. Naomba tupeane uzoefu wa kazi, maana pale CTC, kliniki yetu ya VVU, tunafundishwa dozi, tunafundishwa lishe, ila hakuna anaekufundisha utamuaga vipi bosi siku ya kliniki. Mi nauza duka la mtu Kariakoo, nalipwa kwa wiki. Afya iko vizuri, virusi vimefubaa, kipimo cha mwisho havikuonekana kabisa. Shida ni ruhusa. Ukisema hospitali unaulizwa unaumwa nini, tena mbele ya wenzako na wateja, na kliniki inataka uwahi foleni asubuhi na duka nalo linafunguliwa asubuhi hiyohiyo. Nyie mnafanyaje?

Mama Chapati wa Rangi Tatu
Pole mdogo wangu. Mi nilikuwa dada wa kazi Mikocheni, nimekaa na watoto wa yule mama vizuri tu wamenizoea, siku moja akasema tukapime afya wote nyumbani, nikajua ni typhoid na UTI kama kawaida. Majibu hawakunipa mimi, walimpa yeye! Hata sikuambiwa nimepimwa nini. Kufika nyumbani nikakuta kikombe changu, sahani na kijiko vimewekwa kwenye mfuko wa rambo pembeni ya ndoo ya taka, akanipa mshahara wa mwezi na nauli, akaniambia mwanangu nenda kapumzike kwenu. Kwaiyo mi hali yangu nimeijulia kwenye kijiko. Sasa hivi napika chapati na maharage hapa Mbagala, mafundi wanakula wanashiba, na VVU haviambukizwi kwa chakula wala kikombe, hilo naomba kila mtu alijue. Ila kinachoniuma mpaka leo ni mtu kupewa majibu yangu kabla yangu mimi mwenyewe.

Lindo la Usiku
Mi ni mlinzi, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Zamani tulivyokuwa kwenye vidonge vyenye efavirenzi ilikuwa mtihani, unaambiwa unywe usiku ukalale sababu vinaleta kizunguzungu na mandoto, sasa mlinzi atalala saa ngapi? Nilikuwa nakunywa nikiwa lindo, kichwa kinazunguka nimeshikilia geti, nikahisiwa mlevi na barua ya onyo nikaandikiwa. Walivyonibadilishia hizi za sasa zenye dolutegraviri nikamueleza muuguzi ratiba yangu yote, akaniambia kunywa asubuhi ukitoka, muhimu saa iwe ileile kila siku. Tangu hapo sina shida. Jamani waambieni wahudumu mnafanya kazi gani, wasipojua watakupangia kama mtu anaeshinda nyumbani.
Na kwa wale wanaokaa geto na wenzao au wanaobeba dozi kazini, kopo wekeni pamba ndani, linaacha kulia ukitembea nalo kwenye begi.

Fundi Cherehani
Kwa wanaofikiria Uarabuni, ulizeni mapema kabla ya kumpa wakala hela. Kule VVU vipo kwenye vipimo vya viza ya kazi na wakikukuta navyo hawakupokei. Mi nilishalipa na pasipoti nikatengeneza, ya Omani ikaishia kwenye vipimo. Hela haikurudi.

Mzee wa Kiwandani
Vijana nisomeni vizuri hapa. Nilikuwa kiwandani, mtu wa ofisi akaona kadi yangu ya kliniki, ndani ya wiki habari imefika mpaka stoo, baada ya hapo nikaambiwa nafasi yangu imefutwa na kesho yake kaingia mtu mwingine kwenye mashine ileile. Nikaambiwa na mwenzangu wa chama cha wafanyakazi nisikae nyumbani kulia, kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja kabisa VVU kwenye ubaguzi uliokatazwa, na kuna ile ya VVU na UKIMWI ya 2008 inayokataza kumlazimisha mtu kupima na kutoa siri yake. Unaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri, zikipita uanze kuomba kuongezewa muda, ni shida. Tulimalizana kwenye usuluhishi, nikalipwa, kazini sikurudi na wala sikutaka.
Jambo lingine, likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, ilimradi uwe na cheti cha daktari. Ukipewa ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi, mwambie daktari huna haja ya ugonjwa kuandikwa, bosi anachotakiwa kujua ni kwamba umepumzishwa.

Mfuatilia Watoro
Mi kazi niliipata kwa sababu ya hali yangu, nilikuwa nafuatilia watoro wa dawa mitaa ya Tandika na Buguruni, unamkuta mtu kaacha dozi unakaa nae chini unamwambia hata mi nanywa. Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada tukaambiwa tusije mpaka tuitwe. Sijaitwa. Wale watu wangu nawapigia kwa vocha yangu mwenyewe, siwezi kuwaacha.

Muuza Vitenge
Nashukuruni sana, Mama Chapati umeniliza kwa kweli. Mzee wangu, shikamoo. Mi sina mkataba wala hiyo HR, ni mimi na bosi tu, hayo ya ED nampelekea nani?

Mfuatilia Watoro
Kwako dawa ni kupunguza safari. Kama virusi havionekani omba dozi ya miezi 6, ukikataliwa omba hata ya 3, waambie wazi kazi iko hatarini. Na uliza kama msaidizi wako wa tiba anaweza kukuchukulia siku ukibanwa. Kliniki yako ni ipi, Mnazi Mmoja au mbali?

Muuza Vitenge
Mbali, Mwananyamala, nilikwepa watu wa Kariakoo wasinione. Tarehe yangu wiki ijayo, naenda kuomba hiyo ya 6.