Kiti cha pweza ni ishara ya nini? Nimeletewa oda

Mchongaji_Tabaka:
Wakuu, hamjambo. Nachonga mawe ya sabuni huku Tabaka na kuuza Kisumu. Viboko, twiga, vinara vya mishumaa, hivyo navijua hata macho yakiwa yamefungwa. Sasa shirika moja la watoto limeagiza viti vya pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, vya kuwapa wafadhili wao. Ziwa letu halina mnyama huyu, nimemwona kwenye simu tu. Meneja anasema ni ishara ya matumaini. Ya nani? Mteja mwingine akiniuliza pale mezani nitamwambia nini?

MwalimuKondele:
Omera, hiyo ya matumaini ni ya juzi tu. Chanzo chake ni insha ya Mmarekani Loren Eiseley, 1969: mtu anaokota viti vya pweza vilivyotupwa ufuoni na kuvirudisha baharini. Wasemaji wa semina wakaidaka, wakaipunguza, wakaiongezea sukari. Mimi imenichosha, lakini mteja ni mteja.

Zamani mnyama huyu alikuwa na makali. Kule Mexico, Waazteki walimzika kama sadaka kwenye hekalu lao kuu, Templo Mayor. Mwaka 2022 wanaakiolojia walitangaza sadaka moja yenye viti vya pweza 164, pamoja na jagwa jike (paka mkubwa wa Amerika, anafanana na chui) aliyeshikishwa kifaa cha kurushia mikuki. Jagwa kwao alihusishwa na anga la usiku, kwa hiyo nyota zilikuwa mahali pake. Wafinyanzi wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, nao, yapata 1500 KK, walimchora kwenye mitungi pamoja na pweza. Hao naona walipenda umbo tu.

MkeWaKisumu_Likoni:
Mimi ni mzaliwa wa Likoni, nimeolewa huku. Kaka, tafadhali usituchongee nyota ya bendera. Mikono yake ni minene shinani, juu ana vinundu, na chini kila mkono una mfereji unaokwenda hadi mdomoni, katikati. Mkono ukikatika huota mwingine, ndiyo maana utamkuta mwenye mmoja mfupi kuliko wenzake. Kama ni shirika la watoto, mimi ningechonga huyo. Na zile picha za watalii waliomwinua juu ya maji usizifuate, wanamuua hivyo hivyo wakicheka.

Mchongaji_Tabaka:
Asante sana dada. Mfereji nitauweka, ingawa najua hakuna mfadhili atakayempindua. Huo mkono mfupi umeniokoa: jiwe likiwa jembamba hukatika kwenye msasa, na lisipokatika hapo hukatikia kwenye katoni. Ila mwalimu, nikimsimulia meneja habari za jagwa na mikuki si ataghairi oda?

MwalimuKondele:
Chukua kwanza dipoziti.